Sanduku Lililoitikia Hodi

Nililiamkia koti. Nalisema mapema ili wa kucheka acheke, tuendelee.

Nilikuwa nimetoka safari zangu za malori, sijamwona shemeji yangu tangu tumzike mkewe, dada yangu wa tumbo moja. Alasiri nikapiga hodi kwenye karakana yake ya useremala, na sauti ya kike, tulivu, ikaniitikia: "Karibu, shemeji."

Moyo ukanichanua. Nikajua mzee kaoa kimyakimya. Nikaingia kutoka kwenye jua kali, macho yamejaa giza, nikaona mtu kasimama ukutani, nikamwinamia kwa adabu zote nilizookota njiani. "Shikamoo, shemeji mpya. Pole kwa mzigo uliojitwisha."

"Unaliamkia koti langu la kazi," shemeji akasema nyuma yangu.

Kweli, koti, kwenye msumari. Nikacheka. Yeye hakucheka. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, na mwanamke hakuwemo.

"Nani kanikaribisha?"

Akaendelea kupiga msasa. Juu ya meza palikuwa na sanduku dogo la mninga, la mteja avutaye zile sigara nene za kitajiri, zinazotaka kulazwa kwenye mbao za mwerezi zisikauke. Shemeji alikuwa amepasua ubao mmoja kwa wembamba, akaufungua kama kurasa mbili za kitabu, mawimbi ya huku yakaonana na mawimbi ya kule, na vifundo viwili vikakaa juu kama macho ya mtu anayekusikiliza. Nimezunguka sana, lakini kazi nzuri kama ile sijaiona. Ila sanduku halikuwa na mahali pa kufungulia.

"Sigara ataziingiza kwa sindano?"

"Ndivyo linavyojengwa. Unaligundisha pande zote sita, halafu unalizungushia msumeno, mfuniko unaachana na sanduku. Hapo mchoro wa mti haupotei."

"Sasa unangoja nini?"

Gundi ilikuwa imekauka zamani. Msasa ulishazila pembe zikawa butu kama sabuni iliyotumika. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha vilevile, shati linamning'inia. Hapo ndipo harufu ikanifikia: nguo iliyotoka kupigwa pasi. Dada yangu aliwapigia watu pasi maisha yake yote, na pale karakanani hapakuwa na pasi wala nguo, ila lile koti lenye vumbi.

Ndani ya sanduku mtu akakohoa. Kikohozi kidogo, cha kusafisha koo.

"Ni dada yako," shemeji akanong'ona. "Nyumbani sina wa kuongea naye. Nikipiga msasa nilikuwa namsimulia yeye, habari zake na zangu, kama mwendawazimu. Siku moja akajibu."

Ningependa kukuambia nilisimama imara, mimi niliyelala porini chini ya lori nikisikia fisi wakigombania viatu vyangu, lakini nilijikuta nimekaa juu ya rundo la maranda, na kutoka pale chini nikaona mbao ndefu za mti uleule zimeegemea ukutani, zimeshapigwa randa, zimechorwa kwa chaki, na mchoro wenyewe ulikuwa na urefu wa shemeji kutoka utosini hadi kisiginoni na upana wa mabega yake, na pembeni yake nafasi nyingine ya mtu.

"Hizo za nini?"

"Anasema humo panambana. Anataka la kututosha wote wawili."

"Na utalifungaje pande zote sita?"

"Nitapaka gundi nikiwa ndani."

Alisema hivyo kama mtu anayesema atakunywa chai.

"Shemeji," nikasema taratibu, "nilipopiga hodi, huyo aliniitaje?"

"Shemeji."

"Dada yangu aniite mimi shemeji?"

Msasa ukasimama.

"Wewe ndiye unayeniita hivyo," nikasema. "Hicho kitu kimemjua kwa mdomo wako. Ulilosema kinalo. Usilosema hakina."

Aliuweka msasa chini. Kisha akaliinamia sanduku kama mtu anayeinamia kitanda cha mgonjwa. "Mke wangu. Huyu mgeni ni nani wako?"

Kikohozi. Halafu ile sauti tamu: "Ni shemeji."

Akaufunga uso kwa viganja. Alipoviondoa, alichukua msumeno.

Lilimsihi. Lilimwita kwa majina ya chumbani ambayo sikutakiwa kuyasikia, likalia, likamkumbusha homa fulani na mvua fulani, na msumeno ukaendelea kuzunguka upande baada ya upande, na lilipobaki kona moja tu, sauti ikabadilika, ikawa nene, yenye kicheko ndani yake: "Acha, shemeji, nilikuwa natania. Tulikate kesho." Ilikuwa sauti yangu. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Shemeji akanitazama mikono. Akakata.

Mfuniko ukaachana na sanduku. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikatupita usoni, ikatoka nje, koti likayumba kwenye msumari wake. Ndani palikuwa na mwerezi mtupu, safi.

Giza lilikuwa linaingia. Shemeji alikaa na mfuniko mapajani, akipapasa ukingo aliokata. Mwishowe nikamshika bega, likawa mfupa mtupu.

"Shemeji," nikamwambia, "sitakuacha peke yako tena."

"Na sanduku nalo lilisema hivyo."