Aliyeitika Chumbani kwa Kipanga

Feni ya chumbani kwa marehemu ilikuwa inazunguka, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Msusi alisimama mlangoni na kitana mkononi, mteja wake akimngoja barazani na kichwa kilichosukwa nusu. Swichi ilikuwa imezimwa. Shuka la mdogo wake lilikuwa limenyooshwa kijeshi, vilevile kama marehemu alivyoliacha. Juu yake mapanga ya feni yalikata hewa taratibu, na chumba kizima kilinuka mafuta ya ndege.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo. "Hebu njoo."

Mama yake alikuja, akatazama juu, akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba.

"Si nilikwambia? Mwanangu amerudi."

Huyo mwana walimwita Kipanga, maana tangu utotoni hakuona paa asilipande. Jeshi lilimfundisha kurusha helikopta, na hata ndevu hazijamkolea akawa anabeba majeruhi kutoka mstari wa mbele. Siku ya mwisho aliambiwa basi, inatosha. Akasema kuna wenzake wamebaki, akageuza. Kombora lilimkuta juu ya miti. Nyumbani lililetwa jeneza lililopigwa misumari, pamoja na amri kwamba lisifunguliwe.

"Mimi siwezi kulilia sanduku," mama alisema. Jicho lake halikudondosha chozi. Kila jioni aliingia chumbani akamwita mwanawe kwa jina, kama mtu anavyomwita mtoto aliyechelewa kula.

Aitaye sana huitikiwa, ila hamchagui mwitikaji.

Baada ya feni ikaja sauti. Ilikuwa ya Kipanga kabisa, na kile kikohozi chake kikavu. "Mama, nasikia baridi." Msusi mwenyewe alilia kwa furaha. Kisha paka wa jirani akakutwa mle ndani amekatwakatwa, damu imerukia kuta zote nne. Jirani alipokuja kugomba, mlango ulimbana mkono, ukafunguka, ukambana tena, na tena, mpaka mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Na ndani ya chumba mtu alikuwa anacheka.

"Kipanga hakuwahi kumcheka aliyeumia," msusi alinong'ona. "Mama, yule si yeye."

"Nyamaza. Atakusikia."

Msusi akaenda kumwita mganga, mama mmoja mpana aliyeuza mkaa sokoni. Alifika jua likiwaka, akahema barazani. "Jini simwogopi, mwanangu. Naogopa ngazi tu. Kwenu hakuna ghorofa? Afadhali." Lakini alipovuta harufu ya chumba, mzaha ulimtoka.

"Wewe ni nani?"

"Kipanga," sauti ilijibu kutoka darini.

"Muongo! Maiti haiitiki."

"Mimi nimeitwa. Mwenye nyumba kanifungulia mwenyewe."

Mganga akamgeukia mama. "Umesikia? Uliyemwita wewe, wa kumtoa ni wewe. Mwambie mwanao amekufa. Litamke kwa kinywa chako."

Mama akatikisa kichwa. "Siwezi."

Hapo feni ikaongeza mwendo, ikavuma mpaka madirisha yakatetemeka, na msusi akahisi vidole asivyoviona vikimkamata nywele utosini, vikimnyanyua kutoka sakafuni huku miguu ikipiga hewa, na mganga akamrukia kiunoni amvute chini lakini akarushwa ukutani kama gunia tupu, akaanguka akitema meno na damu, na msusi akazidi kupanda, upepo wa yale mapanga ukimchapa usoni, panga la kwanza likimfyeka misuko, la pili likimchukua sikio lote, damu ikamwagika shingoni ya moto, naye akapiga yowe hata koo likachanika.

"Mama," ile sauti ilibembeleza, laini kuliko yote waliyowahi kuisikia. "Nikumbatie, mama. Usiniache nife mara ya pili."

Mama alinyoosha mikono kuelekea sauti. Msusi alimwona, na moyo wake ukakata tamaa. Kisha tone la damu ya binti likamdondokea mama kwenye kiganja. Akalitazama.

"Mwanangu amekufa," alisema.

"Mama..."

"Amekufa! Aliungua juu ya ile miti akiwarudia wenzake, na mimi nimemzika! Wewe sikukuzaa, sikujui, na huyo unayemkata ndiye mtoto niliyebakiwa naye. Mwachie! Toka nyumbani kwangu!"

Mlio uliotoka darini haukuwa wa mtu wala mnyama. Vioo vilipasuka vyote kwa mpigo, bati likang'oka likapeperuka, na msusi akadondoka kitandani juu ya shuka la mdogo wake. Harufu ya mafuta ikaondoka. Feni ikalegea, ikasimama.

Mama alimfunga binti yake kichwa kwa kanga yake. Alifunga fundo, akalikaza. Ndipo kilipomtoka kilio, kile cha msiba chenyewe, kirefu, cha kuita mtaa mzima. Majirani walikuja mbio, wengine mikono ina povu la sabuni.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Mwanangu," mama alisema. "Yule rubani."

Walitazamana. Kisha mmoja akavua viatu, akaingia, akakaa chini pembeni yake. Na wengine wakafuata.