Mtu Aliyebaki Bombani

Peris alifunga bomba, lakini mtu mmoja hakuondoka kwenye foleni.

Bomba lenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta, katika ofisi ya mradi wa maji mjini Voi, mwaka wa themanini na saba. Alikuwa akiiga foleni ya kina mama kwenye bomba la mtaa mmoja wa mji huo kwa GPSS, lugha ambayo unaiambia mashine nani aje, angoje wapi, aondoke vipi, nayo inawaendesha watu hao yenyewe. Kila mmoja alikuwa ameandikiwa njia ya kutoka.

"Hakuna kosa," akasema Makau, mwenzake wa ofisini, baada ya kupitia kila mstari. "Huyu umemtoa wapi?"

Peris aliendelea kuitazama skrini. Tangu wamzike Noah, mumewe, kule Wusi, maneno ya watu yalimfikia kama yanatoka nyumba ya jirani.

Kesho yake ofisi ilinuka udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka uanze. Mchana mtungi mtupu ukasikika ukiburutwa koridoni, ukakoma mlangoni pake. Kwenye bomba la kweli, kina mama walitupa ndoo wakakimbia. Kuna mtu, walinong'ona, anawapumulia baridi shingoni, na ukigeuka humwoni. Wakaenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, na watoto wakaanza kuhara.

Makau alimleta nyanya yake, Katuku, mganga wa Mraru. Kikongwe akainusa ile mashine, akamgeukia Peris.

"Jini alikuwa akipita zake, mwanangu. Wewe ukaita watu, naye akaitika. Mwambie aende."

"Nimwambieje, nyanya?"

"Kwa lugha uliyomwitia."

Peris akaketi, akaanza kuandika amri ya kumtoa, na harufu ya udongo ikampanda hadi kooni, na mtungi ukagonga ukuta nyuma yake, na pumzi baridi ikamteremka shingoni, na sauti ya Noah, ile ya asubuhi, nzito kwa usingizi, ikamwambia sikioni, "Peris, usinitoe nje," naye akangoja ahisi kitu, chochote kile, asihisi, akabonyeza.

Kimya. Kwenye foleni hakubaki mtu.

"Ameenda?" Katuku akanong'ona.

"Ameenda."

Jumamosi kina mama walirudi bombani. Peris naye alichukua ndoo, akasimama nyuma ya mama mmoja mgeni, aliyehamia juzi tu kutoka Taveta. Mama yule akageuka, akatabasamu, akasogea kando.

"Tangulieni, dada. Mume wako anaonekana amechoka."

Peris hakugeuka. Alisonga mbele kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja nyuma yake.