Siku Zahoro Alipopisha Njia

Mwamvita alikuwa katikati ya kumenya muhogo, ganda likining'inia kwenye kisu, aliposikia baiskeli ikiegeshwa kwenye mchungwa.

“Mumeo huyo,” alisema Mwanajuma, jirani aliyekuja kumsaidia kumenya mihogo ya kuanika makopa. “Ficha iliyomenywa kabla hajaimaliza.”

Mwanajuma akachagua ganda lenye tope, akalishika tayari kulirusha.

“Hodi.”

Wanawake wakatazamana.

“Nani?” aliuliza Mwamvita.

“Mimi, Zahoro. Asalaam aleikum.”

“Aleikum salaam. Tangu lini unapiga hodi hapa?”

Zahoro akatokea akiwa amevaa kanzu, viatu mkononi. Mwanajuma akarusha ganda. Likamgonga begani, likaacha alama ya udongo. Zahoro akalifuta polepole kwa kidole.

“Habari za hapa, Mwamvita?”

Alimwita kwa jina. Mwamvita akasahau kisu kilipo.

Zahoro alikuwa mtoto wa shangazi yake, Bi Biubwa wa Mlandizi, na kwa hiyo walikuwa watani tangu kuzaliwa. Mwamvita akiwa bado kibogoyo wa meno ya mbele, Zahoro alikuwa akiingia uwanja ule wa Kibuta kwa kelele: “Mke wangu yuko wapi?” Alifunua vyungu vya watu, akakwangua ukoko, akamwambia mjomba wake amrudishie mke au amlipe kwa kumlisha bure. Wote walicheka, na Mwamvita alicheka kuliko wote. Lakini mwaka ule vita vilipokwisha na nguo zikaanza kuonekana tena madukani, Isihaka, mchuuzi wa Maneromango, mtu mpole asiye na doa, alikuja kumposa Mwamvita. Wazee wa Isihaka wangerudi Ijumaa kuchukua jibu. Mwamvita hakuwa na jibu. Alikuwa na sikio tu, na sikio lenyewe lilielekea Mlandizi.

“Shangazi mzima?” aliuliza.

“Mzima. Anakusalimu.”

“Umegombana na mtu?”

“Sijagombana. Mjomba yupo?”

“Yuko msikitini. Atarudi.”

“Nitamsubiri. Naomba nikae.”

“Anaomba,” alisema Mwanajuma. “Jamani, huyu kapigwa na jua njiani.”

Zahoro akakaa mbali, kwenye ukingo wa uwanja, mikono magotini. Karibu yake lilikuwa rundo la mihogo myeupe iliyokwisha menywa. Hakugusa hata kipande.

Mwamvita akajaribu mzaha yeye mwenyewe.

“Mume wangu leo ulimi umeuacha wapi? Umeuweka rehani?”

“Leo usiniite hivyo, tafadhali.”

Mwanajuma akainama, akamenya muhogo uliokwisha menywa.

“Umesikia habari ya Isihaka,” alisema Mwamvita.

“Nimesikia.”

“Umekasirika.”

“Sikukasirika. Isihaka ni mtu mzuri.”

“Basi kama ni mtu mzuri, ukaoane naye wewe.”

Kwa kawaida hapo ndipo Zahoro angesema neno ambalo lingewaliza watu kwa kicheko. Sasa aliangalia vidole vyake vya miguu.  Mwamvita alijua ugomvi wa watani ulivyo: mtani akikutukana mko salama, na mtani akikusalimu kwa adabu amekwisha kukutoa moyoni.

Ndipo mama yake, Bi Sikuzani, alipotokea kisimani na mtungi kichwani. Njia ilipita mbele ya Zahoro. Zahoro akasimama haraka, akatoka njiani, akaingia kichakani hadi magotini, akampa mgongo na kuinamisha kichwa.

Bi Sikuzani akasimama. Maji yakacheza mtungini. Aliutazama mgongo ule, mgongo aliouogesha na kuupaka mafuta Zahoro alipokuwa mtoto. Kisha akavuta kanga yake ikamfunika uso, akageuka, akazunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa uani.

Mwamvita akamfuata mbio.

“Mama, na wewe? Mnafanya nini nyote leo?”

“Punguza sauti. Nje kuna nani?”

“Zahoro. Amenuna. Hataki hata kuniangalia.”

“Mtu aliyenuna angenipita bila salamu. Huyu amenipisha njia kama mkwe.”

“Isihaka naye alikupisha, alipokuja na wazee wake.”

“Isihaka ni mgeni, angempisha hata kuku wa hapa. Zahoro juzi juzi alikuwa ananipokonya mwiko.” Bi Sikuzani akatua mtungi. “Tena umeona alikoingia? Kwenye upupu, mwanangu. Miguu mitupu. Na muda wote niliosimama hajajikuna.”

 Mwamvita akachota majivu jikoni kwa kifuu, akatoka.

Zahoro alikuwa anajikuna kwa mikono yote miwili, kanzu ameipandisha, anaruka mguu huu na ule. Mwanajuma alikuwa amelala kwenye maganda, hoi kwa kicheko.

“Mwanajuma, nenda kamwangalie mwanao,” alisema Mwamvita.

“Mwanangu yuko kwa bibi yake.”

“Basi nenda kamwangalie bibi yake.”

Mwanajuma akaondoka akigeuka nyuma kila hatua. Mwamvita akasukuma kifuu.

“Jipake. Usijikune, itazidi.”

“Ahsante.”

“Kwa nini hukusema, Zahoro?”

“Nilisema. Siku ya Idi, hapa hapa. Nilimwambia mjomba nataka kumuoa Mwamvita. Ulisikia alivyojibu?”

Mwamvita alikumbuka. Baba yake alitaka mahari ya simba hai mwenye shanga kiunoni, na uwanja mzima ukavunjika mbavu.

“Na wewe ulicheka,” alisema Zahoro.

“Nilifikiri unatania.”

“Ndiyo shida yangu. Kila neno ambalo mwanamume humwambia mwanamke, mimi nimekwisha kukuambia ukiwa unalia kamasi. Kipenzi, roho yangu, mke wangu. Nimeyatumia yote. Nilikaa na mama tukatafuta lililobaki, hatukuliona. Nikasema basi, nitakuja bila neno.”

“Ukanitisha. Nilifikiri umeniacha.”

“Nilikuona. Ilikuwa vigumu kuliko upupu.”

Mwamvita akacheka huku akifuta macho kwa mkono wenye utomvu wa muhogo.

“Ungekuwa Isihaka,” alisema, “kimya hicho kingekuwa adabu tu, ningeendelea kumenya. Lakini wewe, Zahoro, nimekuzoea na kelele zako zote. Ukinyamaza, mtu mzima nalia.”

Mzee Kondo, baba yake Mwamvita, alirudi akiwa na tasbihi. Alipoona baiskeli, akaanza kutabasamu toka mbali.

“Mwizi wa ukoko kaja,” alisema. “Leo unanidai mke au unanidai chakula?”

Zahoro akachuchumaa, majivu miguuni.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mbona umechuchumaa? Unaumwa tumbo?”

“Mama na wazee wa Mlandizi wanaomba kuja kuzungumza nawe. Wamenituma kuomba ruhusa.”

Mzee Kondo akafungua mdomo acheke. Akamtazama kijana, akatazama alama ya udongo begani mwake, akasubiri mzaha ufike. Haukufika. Akageukia mlangoni, ambako mkewe alisimama nusu, kanga usoni.

“Sikuzani, mbona umejifunika?”

“Usinitaje jina mbele ya mkwe,” ilijibu sauti ndani ya kanga.

Mzee akaketi juu ya kinu kilicholala. Akavuta punje za tasbihi.

“Kwa hiyo siku ya Idi ulisema kweli.”

“Kweli, mjomba.”

“Nami nikakuagiza simba.” Akatikisa kichwa, akamgeukia Mwamvita. “Mwanangu, na Isihaka je? Ukikaa kimya, nitachukua kuwa umekubali nilichokwisha kupanga. Ndivyo wasichana wanavyojibu.”

“Baba, kimya cha leo kimetosha,” alisema Mwamvita. “Nasema kwa mdomo. Isihaka hana kosa lolote. Namtaka Zahoro.”

“Basi kesho asubuhi nitakwenda Maneromango mwenyewe. Sitaki mtu yule alisikie njiani.” Mzee akamtazama mpwa wake kwa macho ya mtu anayeaga. “Wazee wako na waje. Ila umenitia hasara. Nilikuwa na mtani, sasa nitakaa na mkwe. Mkwe haniambii nina kichwa kama boga.”

“Ndoa bado haijafungwa, mjomba.”

“Eti?”

“Nasema bado. Na kichwa chenyewe bado ni boga.”

Mzee Kondo akacheka mpaka tasbihi ikamponyoka. Ndani nako kulisikika mtu akicheka kwa kujibana.

Zahoro akachukua kisu cha Mwanajuma, akakaa upande wa pili wa rundo.

“Unaacha nusu ya muhogo kwenye ganda,” alisema Mwamvita. “Pasua ganda kwa urefu kwanza, halafu ingiza kidole chini.”

“Hivi?”

“Polepole. Hivyo.”

Wakamenya mpaka giza likaingia na weupe wa mihogo ukawa ndio kitu pekee kinachoonekana vizuri. Kutoka ndani Bi Sikuzani akasema, bila kumtaja mtu, kwamba mgeni atalala kwa mume wa Mwanajuma, maana katika nyumba hii hawezi tena kulala.

“Bado nyingi,” alisema Zahoro akinyanyuka.

“Kesho,” alisema Mwamvita, akafunika kwa gunia mihogo iliyobaki na maganda yake.