Chungu Nyuma ya Kioo

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, mimi na shangazi yangu Eliakunda tuliteuliwa kuwakilisha akina mama wa kijiji chetu, Upare wa Kusini, kwenye sherehe za Saba Saba Dar es Salaam. Tulitembezwa bandarini, tukaonyeshwa pia sanamu ya askari. Jioni ya mwisho shangazi akataka tuione nyumba ya makumbusho kabla haijafungwa.

"Nikirudi bila kuiona, wenzangu nitawaambia nini?"

Tulipita ngoma, mikuki, vinyago vya Wamakonde. Chumba cha mwisho kilikuwa na kigizagiza. Pale mlangoni nikasikia harufu...

Dengelua. Pombe ya miwa ya kwetu.

Katikati kulikuwa na sanduku la kioo. Ndani yake, chungu cha udongo kilichomeguka mdomo. Ndani ya chungu, fuvu la mtu.

Shangazi akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ernesta," alinong'ona, "huyu ni wa pango la ukoo wetu, walimowekwa wazee wetu ndani ya vyungu. Babu alipobatizwa, wageni walikuja pangoni wakamchukua huyu. Bibi alilia mpaka akapofuka."

"Twende, shangazi."

Tukageuka. Nyuma yetu kitu kikakwaruza udongo... taratibu... kama ukucha. Kisha sauti ya kike, kavu, ikaita jina kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare. Mimi sikulijua jina lile.

Shangazi alilijua.

Nikamziba mdomo. Nilichelewa.

"Abee," aliitika.

Mlinzi akaingia na funguo. "Tunafunga, mama zangu." Akanusa hewa. "Nani ameingia na pombe humu?"

Kwenye treni shangazi hakula wala kunywa. Kila nilipomsemesha alisema, "Subiri, bado anaongea." Alikata roho stesheni ya Same, kabla hatujapata gari la kupanda mlimani. Mdomo wake ulinuka dengelua. Yeye, Msabato ambaye hakuwahi kuonja pombe!

Kaka yake, Baba Hezroni, alikwenda Dar kukiomba chungu. Wakamwonyesha chumba kile kile. Palikuwa na ngoma tu. Wakamwambia hakijawahi kuwekwa chungu cha Upare pale.

Akarudi, akapanda pangoni na kibuyu cha dengelua, kumwaga kama walivyofanya wazee. Ardhi haikunywa. Pombe ilikaa juu ya vumbi, ikatulia.

"Hawapo," aliniambia. "Wametoka wote."

"Wamekwenda wapi, baba?"

Tulimzika kabla ya mavuno.

Mchungaji ameomba mpaka sauti ikamkauka. Mganga tuliyemwita kutoka Jipe alifika uani, akasimama, akaondoka bila hata kuaga.

Nyumbani tumebaki mimi na binti yangu, Dorkas. Wiki hii ameacha kula. Anakaa ameinamisha kichwa upande mmoja, anatabasamu. Nikimuuliza anasikiliza nini, ananiwekea kidole midomoni...

Ninyamaze.