Saa Moja Aliyoisahau Tonko

Kodiani ya marehemu Jure Yurac, kile kinanda chake cha kuvuta kwa mikono, haikuwepo kabatini. Kulibaki mkanda mmoja wa ngozi na harufu ya dawa ya nondo.

Inspekta Nivia Mansilla aliikagua kufuli. Haikuvunjwa. Nje, upepo wa Punta Arenas ulikuwa ukigombana na mabati, kama kawaida yake.

"Funguo ziko ngapi, mama?"

"Mbili," alijibu mjane, Bi Danica. "Wangu hutundikwa jikoni. Wa pili anao Barría, jirani, anayeitengeneza kodiani. Iliibwa Jumanne asubuhi nikiwa kliniki. Na Jumapili ningempa Barría iwe yake kabisa."

Mzee Barría alikuwa tayari selo.

"Kuiba zawadi yako mwenyewe," Nivia alimtania. "Haraka ya nini, mzee?"

"Afande, kesho hakimu hatacheka."

Nivia naye akaacha kucheka. Akamwita Tonko, mwana wa pekee wa Bi Danica, aliyeweza kuufikia ufunguo wa jikoni, akamkaribisha chai ya moto ya kienyeji, ile inayofyonzwa kwa mrija.

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Angani. Niliondoka hapa saa mbili, nikatua Santiago saa tano na nusu."

"Kwa saa ya nani?"

"Ya ukutani, kule wanakochukulia mizigo. Niliiona kwa macho yangu mawili."

"Safari ndefu."

"Zaidi ya kilomita elfu mbili, afande. Saa tatu na nusu. Piga hesabu."

"Nimepiga. Imenyooka mno, ndiyo maana inanuka." Nivia akafyonza chai yake taratibu. "Huu mwezi gani, Tonko?"

"Julai."

"Na Santiago, kipupwe, saa zao wanazifanyaje?"

Tonko akaiweka chai yake mezani.

Hakuna mtu wa Magallanes, mkoa wetu huu, asiyejua: kipupwe kikiingia, wa Santiago kule kaskazini hurudisha saa nyuma kwa saa moja, nasi wa kusini tunakataa. Ndege hukaa angani saa tatu na nusu, lakini aliyeondoka hapa saa mbili huikuta saa ya ukutani Santiago ikisoma saa nne na nusu, si tano na nusu.

"Wenzako wakishuka hutaniana kwamba wamezawadiwa saa nzima," alisema Nivia. "Wewe zawadi hukuiona, kwa sababu hukupanda ndege. Ulikaa nyumbani ukajumlisha."

Tonko aliviangalia vidole vyake.

"Sijaiuza," alisema mwishowe. "Iko bandani kwangu. Baba alinishikisha mara moja tu, nikiwa na miaka tisa, kisha akaninyang'anya. 'Una vidole vya kuni,' akasema. Akaenda kumfundisha Barría miaka yote ile. Sasa na mama naye ampe? Kila jioni naifungua, afande. Hata wimbo mmoja sijaupata."

Selo ilipofunguliwa, mzee Barría alisikiliza habari yote kutoka kwa Nivia, kisha akauliza neno moja.

"Iko pakavu?"

"Chini ya ngozi za kondoo."

Mzee akavaa kofia yake polepole.

"Afadhali. Na mimi Jure aliniita vidole vya kuni, mwaka mzima wa kwanza."