Koki ya Mtoni

Siku ile, kwenye mabwawa ya maji taka ya mji mzima, kulinukia mvua. Mvua mpya, ile inayopiga vumbi. Nakwambia, mahali ambapo hata nzi walipita wameziba pua, kukanukia vizuri! Na mbingu haina wingu. Bwana Koki vinyweleo vikamsimama.

Jina hilo alipewa kwa kazi yake. Mashine ya kusafisha ilikufa zamani, bosi akasema afungulie tu, uchafu uende mtoni. Na chini ya jua hili hajazaliwa wa kuzungusha koki kama yule. Chuma kilichowashinda wanaume saba, yeye alikigeuza kwa mkono mmoja, wa pili kashika chai. Ila hakufungua bila kuita kwanza: "Nafungua!" Mkewe, aliyefulia watu nguo kule chini, anatoka majini, anajibu: "Fungua, baba mavi!" Wanacheka. Miaka yote hivyo hivyo.

Alipofika nyumbani alimkuta mke kalala, macho meupe, chumba kizima kinanukia mvua ile ile.

"Mama watoto, una nini?"

Kooni mwake kukasikika maji yanagonga mawe.

Akaitwa mganga, yule ambaye majini yakisikia kikohozi chake tu yanafungasha virago. Akafukiza ubani, akakemea: "Toka! Rudi kwako!"

Jini likalia. Likalia kama mtoto aliyefungiwa nje.

"Kwangu wapi? Kwangu mtoni. Samaki wangu wamekwisha, mmenimwagia vyoo vyenu mpaka kitandani. Wote wameukimbia mto, kabaki huyu mama tu. Ndiyo nimepanda kwake."

Mganga akamvuta Koki pembeni, ananong'ona.

"Bwana, dawa unayo wewe. Kesho funga. Nitamwingiza mkeo mtoni, jini lishuke lirudi kwake. Uchafu ukiwakuta humo, basi wewe umewapoteza wote wawili."

"Nafunga, mganga. Naapa."

Na akafunga kweli. Lakini mchana mabwawa yakajaa, uchafu ukaingia mpaka ofisini. Bosi akaja mbio, suruali kaipandisha magotini.

"Fungua, we mtu!"

"Bosi, mke wangu yuko majini."

"Si huwa mnaitana? Muulize kama katoka!"

Koki akaita: "Nafunguaaa?" Pampu zilinguruma kama ng'ombe mia wanachinjwa, na ndani ya mngurumo ule ikapanda sauti ya mkewe, sauti yake mwenyewe sasa, nyembamba, imepona, maana jini lilikuwa linashuka, na ilisema neno moja tu, "Funga!", lakini sikio la Koki kutoka kule chini lilizoea neno lingine, miaka yote lile lile, likasikia hilo hilo, na mkono ukazunguka wenyewe.

Mganga alipanda peke yake, mweusi mpaka kifuani.

"Kwa nini umefungua?"

"Kasema fungua."

"Kasema funga, bwana. Nilikuwa nimemshika mkono."

Koki akakaa chini, pale pale kwenye tope.

Siku hizi koki ile imechomelewa, hata tembo haifungui. Ila kukinukia mvua na mbingu haina wingu, yeye huinama juu ya bomba.

"Funga," inasema sauti ya mkewe.

"Nimefunga, mama watoto."

"Funga, baba watoto. Maji yanakuja."