Mihogo ya Ukingoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Yudith alimfunga baba yake vifungo vya shati. Mhina angeweza kuvifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, lakini shati lilikaa upande, na yeye hakupenda kutoka nyumbani ovyo. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kiwiko. Yudith aliukunja mkono wa shati uliobaki na kuubana kwa pini.

Mkono huo uliliwa na korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge, katika shamba moja karibu na Muheza. Mwaka ule bei ya mkonge ilikuwa imepanda, na mashine ilikuwa haipumziki. Majani yalipokwama, Mhina aliomba isimamishwe. Nyapara Ernesti akamjibu, "Mashine haisimami kwa ajili yako. Vuta kwa mkono." Mhina akavuta. Alipotoka hospitali alikuta nyapara amekwisha kumwambia Mzungu wa shamba kwamba Mhina alikuwa amelewa. Mhina hakuwahi kuonja hata tembo la mnazi. Akafukuzwa kazi hivyo hivyo, na kidonda chake hakijakauka.

Nyapara huyo alikaa benchi la mbele kanisani, na katika nyimbo sauti yake ilizizidi za wote.

Binti yake, Kristina, alisoma darasa moja na Yudith. Huyo alikuwa na mchezo wake. Aliingiza mkono mmoja ndani ya gauni, akautikisa ule wa gauni uliobaki mtupu, akatembea mbele ya wenzake akiyumba kama mlevi. "Mnajua mimi ni nani?" aliuliza. "Mimi baba yake Yudith!" Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Wengine walicheka kwa kumwogopa tu mtoto wa nyapara, lakini kicheko ni kicheko, kilimuuma Yudith vilevile.

Nyumbani walikuwa wawili tu, kwa kuwa mama alikwisha kufariki. Kabla ya kula walisali pamoja ile sala ambayo Bwana Yesu aliwafundisha wanafunzi wake. Walipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, Yudith alifumba mdomo. Alimngoja baba apite, kisha akaendelea naye.

"Umeruka tena," Mhina alimwambia siku moja.

"Ndiyo, baba. Siwezi kumdanganya Mungu."

Mhina alimsogezea sahani. "Basi usimdanganye," alisema. "Lakini usiache kufika pale."

Chakula chao kilitoka katika shamba dogo la mihogo kando ya njia. Kama wenyeji wengi wa huko, Mhina alipanda mihogo mitamu katikati, na mstari wa nje akauzungushia mihogo michungu. Nguruwe mwitu akifika ukingoni anaonja, anakasirika, anaondoka. Watu wa nyumbani waliujua mstari ule. Mihogo yake haikuliwa mpaka imenywe, ikalowekwa, ikaanikwa na kutwangwa unga, kwa sababu ikiliwa hivi hivi ina sumu ya kuua mtu. Kwa macho, yote ilikuwa mihogo.

Jumamosi moja asubuhi Yudith alikuwa shambani akiwinga ngedere. Alisikia vicheko njiani, akachungulia kati ya majani. Alikuwa Kristina na mdogo wake Samwili, mtoto wa miaka sita hivi.

"Tutachukua mihogo ya kilema," Kristina alisema. "Atatukamata na mkono gani?"

Akashika shina la ukingoni, akaling'oa. Kristina alizaliwa na kukulia katika kambi ya mkonge, kwa posho ya unga wa mahindi. Mambo ya mstari wa nje hakuna aliyemfundisha. Alijaza mihogo katika kanga, akamtwisha Samwili mmoja mnene, wakaenda zao wakisema watachoma na kula kwa chumvi na pilipili.

Yudith alikuwa amekwisha kufungua mdomo apige kelele. Akaufunga. Moyo ulimwenda mbio, na haukuwa woga, ilikuwa furaha. Waache waile! Watapike mbele ya watu, tuone nani atakayeyumba. Akaokota jiwe, akamtupia ngedere, akaendelea na kazi yake.

Adhuhuri alirudi nyumbani akapika ugali na kisamvu. Baba akanawa, wakakaa, wakaanza kusali. Walifika mahali pale. Yudith alifumba mdomo kama kawaida, lakini safari hii alimwona Samwili ameukumbatia muhogo wake kwa mikono miwili, akimkimbilia dada yake asiachwe nyuma. Mtoto yule hakuwahi kumcheka mtu.

"Baba," alisema katikati ya sala, "watoto wa nyapara wameng'oa mihogo. Ya mstari wa nje. Wamekwenda kuchoma."

"Lini?"

"Asubuhi. Niliwaona. Nilinyamaza."

Mhina alimtazama mara moja tu. Jicho lile Yudith hakulisahau. Kisha aliinuka, akauacha ugali unafuka moshi, akatoka mbio, na Yudith nyuma yake.

Ernesti alikuwa barazani kwake amejinyoosha kitini. "We kilema, umefuata nini hapa?"

"Bwana nyapara, watoto wamekula mihogo michungu ya shambani kwangu. Wako wapi?"

Ernesti aliruka na bakora yake. "Umewatilia sumu wanangu!" Akampiga Mhina begani, akampiga tena shingoni. Yudith akapiga yowe. Mhina hakuinua mkono. "Nipige baadaye," alisema. "Niambie mtoto yuko wapi."

Kilio cha Kristina kikawajibu kutoka uani. Samwili alikuwa amelala kando ya majivu, matapishi kifuani, macho yamegeuka meupe. "Wangu ulikuwa mchungu nikautema," Kristina alisema. "Nikampa yeye yote. Nilimwambia asipomaliza nitamchapa."

Nyapara, aliyezoea kuwapigia kelele watu mia, alisimama mdomo wazi. Mhina alipiga goti, akamtupa mtoto begani, akamshika kwa mkono wake mmoja. "Mshike miguu," alimwambia Yudith. Wakakimbia hivyo mpaka zahanati.

Mwinyijuma, mganga wa zahanati, alimwosha mtoto tumbo, akamtafutia lori la kumpeleka hospitali ya Tanga. Lilipoondoka alimgeukia Mhina. "Mngekuja baada ya sala ya alasiri," alisema, "mngemleta maiti."

Yudith alisikia.

Samwili alipona. Msisubiri kusikia kwamba baba yake alikuja kushukuru, maana hakuja. Alipita akisema Mhina alitega sumu makusudi, mpaka Mwinyijuma, mtu aliyeheshimiwa na wote, alipowaeleza watu kweli ya mambo na uvumi ukazimika. Mhina alipokutana na Ernesti njiani alimwamkia. Ernesti akatema mate, akapita.

Siku hiyo Yudith alilia kwa hasira. "Baba, hata sasa unamwamkia?"

Mhina aliketi juu ya gogo. "Mwanangu, nilipokuwa hospitali nilimuua Ernesti kila siku moyoni. Mkono aliuchukua yeye, lakini usingizi nilijinyima mwenyewe. Mwisho nikamwambia Mungu, 'Mtu huyu ni mzito, simwezi, mchukue wewe. Hukumu ni yako.' Usiku ule nililala. Simpendi kwa kuwa amekuwa mwema. Nampenda kwa kuwa Mungu amenipenda mimi, na yeye ndiye aliyenilinda mpaka leo. Na wewe umeona chuki inavyofanya. Ilikuziba mdomo mtoto akaelekea kufa mbele ya macho yako. Adui akikuumiza, mwachie Mungu, nawe mtendee mema. Hapo ndipo utakapopata amani, hata yeye asipobadilika."



Mvua zilipoanza, Mhina alimkabidhi Yudith fungu la vipande vya miche ya mihogo akamwambia aipande kando ya njia, mahali pa ile michungu.

"Lakini hii ni mitamu, baba. Nguruwe watakula."

"Nguruwe tutawafukuza. Kando ya njia wanapita watoto."

Yudith alipanda mstari mzima. Alipokuwa akimalizia, aliinua macho akamwona Kristina amesimama njiani, amemshika Samwili mkono. Kristina alitazama chini. Yudith akaingia shambani. Akachimba muhogo mmoja wa katikati, akaukwangua udongo, akampa Samwili.

"Huu mtamu," alisema. "Kuleni wote wawili."

Mchana ule walisali, yeye na baba yake. Walipofika mahali pale Mhina alipunguza sauti, kama alivyozoea kumngojea. Yudith alitamka maneno yote.